Mama mkwe kasema kwenye sherehe ya mti haingii, na katibu ni mimi

BARUA

Shikamoo Shangazi. Naomba unisaidie mawazo maana kichwa kimejaa na Desemba ndo hiyo inaingia.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tukuyu, ni fundi cherehani, nina kibanda changu mjini, nimeolewa mwaka wa 14 sasa na tuna watoto watatu. Mwaka jana akina mama wa kanisani kwetu (kanisa nalihifadhi) walinichagua katibu, na mwaka huu kamati ikanikabidhi kuandaa sherehe yetu ya Krismasi ambayo huwa tunafanya Jumamosi ya pili ya Desemba. Ni mara yangu ya kwanza kupewa kitu kikubwa hivyo. Nikawaambia wenzangu miaka yote tunakula pilau, tunapeana zawadi, tunaimba, tunaondoka, hivi kwa nini mwaka huu tusiwe na somo, tukaliita Maana ya Mapambo ya Krismasi? Jumuiya ziko sita, kila jumuiya ipewe pambo moja na mama mmoja asimame aeleze linamaanisha nini: mti, nyota, shada, mshumaa, kengele na ile pipi ya fimbo. Maelezo nilitafuta kwenye simu nikayanakili kwenye daftari, kwamba mti wa kijani ni uzima wa milele, pipi ya fimbo ni herufi J ya Jesus na wekundu wake ni damu, kila kitu. Kamati walifurahi sana.

Tukatafuta mpambaji kutoka Mbeya mjini. Kwa 450,000 analeta mti mrefu wa kisasa, taa za kuwakawaka, pazia la kupigia picha na geti la maputo mekundu na ya dhahabu mlangoni. Tuko akina mama kama 60, mchango tukapanga 15,000 kila mmoja pamoja na chakula. Nimeshamtangulizia 150,000.

Sasa siku ya kikao kikubwa nikasoma ratiba. Nilipomaliza, mama mkwe wangu akasimama. Yeye ana miaka 71, ni mzee wa kanisa, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama miaka mingi kabla yetu. Akafungua Yeremia sura ya 10, akasoma ule mstari wa mtu anakata mti mwituni wanaupamba kwa fedha na dhahabu wanaukaza kwa misumari usitikisike, akafunga Biblia akasema, "Mimi kwenye sherehe ya mti siingii," akakaa. Shangazi, ukumbi ulikuwa kimya nasikia mvua tu kwenye bati. Wazee wengine kama 15 hivi wakasema na wao wako na mama.

Jioni kwenye grupu la wasapu ndo kukachafuka. Akina mama vijana wakaandika kwamba wazee wanataka kuturudisha enzi za ujima, mmoja akaandika kwamba kama hawataki wabaki nyumbani watupunguzie sahani. Mama mkwe hana simu ya wasapu ila mjukuu wa jirani alimsomea. Tangu hapo amenibadilikia. Zamani kila wiki alikuwa anatuma ndizi na maziwa, sasa hivi wiki ya tatu hamna. Watoto anawapokea vizuri, mimi ananijibu salamu tu. Mume wangu nikimwambia anasema hayo mambo ya wanawake malizaneni wenyewe. Mi naona mama anasumbuliwa na kuona mkwe wake amekaa kwenye kiti alichokaa yeye, ila siwezi kumwambia mtu yeyote hapa hilo neno.

Alafu kuna rafiki yangu wa jumuiya yetu, ndo tulimpa kueleza nyota, kaja kibandani kwangu juzi akaniambia polepole kwamba hatakuja, hela yote imekwenda kwenye mbolea ya mahindi na Januari kuna ada, na hataki mtu amlipie maana watu watajua. Nililia alipoondoka.

Nikueleze na kwa nini huu mti unaniuma. Mimi wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nililelewa na mama mdogo Makambako. Krismasi ya kwanza nikiwa kwake nilikuwa silali, silii, siongei. Siku hiyo alitoka asubuhi akarudi na tawi la paini, akalisimamisha kwenye debe la mchanga, tukalibandika pamba na vikaratasi vya kung'aa vya kwenye majani ya chai. Usiku akawasha mshumaa mmoja tukakaa tunaliangalia. Nakumbuka ndo siku niliyoanza kuongea tena. Kwahiyo mtu akiniambia mti ni sanamu nasikia kama ananitukania mama mdogo wangu.

Nifute mti niheshimu wazee, vijana wanione nimeendesha kanisa kwa uoga wa mkwe? Au niendelee, mama mkwe abaki nyumbani siku hiyo na mimi niishi naye vipi baada ya hapo? Nimefikiria hata kujiuzulu.

Kitu kimoja cha mwisho sijui hata kwa nini nakiandika. Huyohuyo mama mkwe kila Krismasi ndiye anayeleta migomba miwili ya shambani kwake na maua, anapamba mlango wa kanisa alfajiri kabla watu hawajafika. Hakuna aliyemtuma.

Ni mimi, Katibu, Tukuyu.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa kuniamini. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliianzia mwisho nikarudi juu, nitakwambia kwa nini.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia nione kama nimekuelewa. Umepewa kazi unayoipenda, ukaweka ndani yake kitu chako cha moyoni, mama mkwe akasimama mbele ya watu na Biblia mkononi akakikataa. Nyuma yake wamesimama wazee 15, mbele yako wamesimama vijana wenye maneno makali, pembeni kuna rafiki yako ambaye hajasimama popote, kaondoka tu na aibu yake. Na wewe uko katikati na kofia mbili kichwani, ya ukatibu na ya ukwe, na kila ukishika moja nyingine inadondoka. Kulia kulikuwa haki yako kabisa.

Sasa mwanangu, hebu turudi kwenye hiyo migomba. Umesema mama anapamba mlango wa kanisa alfajiri, miaka yote, bila kutumwa. Na kule juu, ulipokuwa unahesabu vitu vya mpambaji, ukaandika geti la maputo mlangoni. Mlango ni huohuo? Kama ni huohuo, basi siku ile uliposoma ratiba, yule mama alisikia mahali pake pamepewa mtu mwingine kutoka mjini, kwa hela, na hakuna aliyemuuliza. Inawezekana nakosea, mimi sikuwepo na simfahamu. Inawezekana kweli kinachomkera ni mti na mstari wa Yeremia na hakuna kingine. Ila mtu anayebeba migomba alfajiri ya Krismasi, kwa umri ule, na matope ya Tukuyu ya Desemba ninavyoyajua, siwezi kumuita mtu asiyependa mapambo.

Ndo maana lile wazo lako kwamba anaumizwa na kiti naomba ulishike kwa mkono mlegevu. Linaweza kuwa kweli, watu tuko hivyo, kuachia uongozi kunauma. Lakini ukienda kwake ukiwa umeshajiambia ni kinyongo, kila atakachosema utakisikia kama kinyongo, hata akisema karibu chai.

Kuhusu Yeremia nitakupa ninachojua, sio kwa ajili ya kumshinda mama. Nabii yule aliishi kama miaka 600 kabla Yesu hajazaliwa, kwahiyo mti wa Krismasi haukuwepo wa kumkasirisha. Ukiendelea mstari wa 5 anasema vitu hivyo havisemi, na ni lazima vibebwe maana haviwezi kwenda, yaani anaongelea mti uliochongwa na fundi ukawa mungu wa kuabudiwa. Na Isaya 60 mstari wa 13 unataja msunobari na miti mingine ya Lebanoni ikiletwa kupamba patakatifu. Kwahiyo Biblia inayo miti ya aina zote mbili. Ila mama hajasema ujinga. Anaogopa watu kuhama kutoka kwa mwenye sikukuu kwenda kwenye kitu kinachong'aa, na ukiangalia bajeti ya hiyo sherehe, nusu ya michango yote ya akina mama 60 inakwenda kwenye vitu vitakavyorudi Mbeya mjini jioni hiyohiyo. Mzee akiuliza hilo swali hata bila Biblia, utamjibu nini?

Na wewe daftari lako lipitie upya, hili nakwambia kwa upendo. Ile habari ya pipi ya fimbo kuwa J ya Jesus imesambaa sana lakini haina ushahidi, ni maelezo yaliyotungwa baadae, na sisi mbona tunasema Yesu, herufi yenyewe haiendani. Ukiisimamisha mbele ya wazee na mmoja akaijua, na mengine yote yataonekana ya kutunga. Wakati habari za kweli zipo na ni nzuri kuliko hizo.

Chukua huo mti. Historia inauonyesha waziwazi Ujerumani karne ya 16. Huko tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, watu waliigiza habari za bustani ya Edeni na mti wao ulining'inizwa matofaa, na inaaminika ile mipira ya kung'aa ya siku hizi imetokana na matofaa hayo. Kwahiyo mtu anaweza kueleza mti kuanzia tunda lililotutoa bustanini mpaka mtoto wa Bethlehemu, na wazee wenu wanaoijua Mwanzo sura ya 3 kwa kichwa wataufuata huo mstari bila shida.

Shada nalo. Mwaka 1839 kule Hamburg kulikuwa na mchungaji wa Kilutheri anaitwa Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulelea watoto wa maskini. Watoto kila siku wanauliza Krismasi bado? Akachukua gurudumu la mkokoteni akalipachika mishumaa, midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Jumapili za Majilio, zile nne za kuingojea Krismasi, kila siku wanawasha mmoja unaongezeka mpaka Krismasi inafika. Niliposoma habari ya debe lako la mchanga huyu mchungaji alinijia palepale, maana na mama mdogo wako alikuwa na mtoto ndani ambaye usiku umemzidi, akachukua kilichopo.

Na kuna la tatu ambalo lina uhusiano na hukohuko kwenu. Mwaka 1747 kule Marienborn, Ujerumani, askofu wa Wamoraviani anaitwa Johannes de Watteville aliwagawia watoto kanisani mishumaa midogo iliyofungwa utepe mwekundu, imkumbushe kila mtoto Yesu na damu yake. Baadae sana huko Uingereza mshumaa ukawekwa juu ya chungwa, chungwa likawa dunia, mshumaa ukawa mwanga wake, utepe ukazunguka dunia yote. Wamoraviani haohao ndo waliofika Rungwe mwaka 1891. Chungwa ni mia tatu mia nne, na vipande vya kitambaa chekundu fundi cherehani hakosi. Sikwambii mfanye hivyo, na ukiwaza mishumaa 60 inayowaka kati ya vitenge na watoto mgongoni lazima ufikirie usalama kwanza. Nakuonyesha tu kwamba sherehe ya maana ya mapambo inaweza kuwepo kwa bei ambayo rafiki yako wa nyota angeimudu.

Huyo rafiki yako ananiuma zaidi ya hao wanaorushiana meseji. Umeniuliza kuhusu mti ufutwe au ubaki, hujaniuliza kuhusu yeye, labda kwa sababu yeye hajakupigia kelele. Na sidhani yuko peke yake. Kati ya akina mama 60, msimu wa mbolea na ada iko mlangoni, wako wengine watakaosema siku hiyo wana mgonjwa au wana safari. Kumlipia kimyakimya ni jambo jema ila mwenyewe ameshakwambia linamdhalilisha. Kupunguza mchango kwa wote kunamsitiri vizuri zaidi, lakini hapo ni lazima kitu kitoke kwenye oda ya mpambaji. Kuna makanisa akina mama wanaleta vitu, huyu mchele, huyu viazi, huyu mkungu wa ndizi, ila hapo napo macho yanapima vikapu, nimeona mwenyewe watu wakikumbuka nani alileta kidogo mpaka Pasaka.

Sasa tuzitazame njia zako. Ukiendelea na mpango kama ulivyo, hela ya watu inaheshimiwa, kamati haionekani imeyumbishwa, na siku yenyewe labda itapendeza sana, ila wazee 15 watakuwa majumbani na hiyo picha itabaki kwenye kumbukumbu za kanisa muda mrefu kuliko picha za pazia. Ukifuta mti, mama atakuja, lakini vijana watasema mkwe kamuogopa mkwe, na wewe mwenyewe, naogopa hili zaidi, utakaa kwenye meza kuu na tawi la Makambako limekunyongea koo, na kitu kama hicho hakikai kimya, kinatoka siku nyingine kwa njia mbaya. Kujiuzulu kunapumzisha wiki moja, alafu mama bado ni mama mkwe wako, ndizi bado hazijaja, na akina mama watagawanyika wakilitaja jina lako.

Ipo ya kulipeleka suala la Yeremia kwa mchungaji aeleze kwenye Neno. Inakutoa wewe katikati, na huenda ndo mahali pake hasa. Hatari yake ni kwamba akisema mti ruksa, mama ambaye ni mzee wa kanisa atakuwa ameshindwa hadharani, na akisema mti hapana, vijana ndo watakuwa wameshindwa. Ukiichagua hiyo, basi mchungaji aongee na mama faragha kwanza kabla ya kusimama mbele.

Na ipo ya kwenda kwa mama. Nikiisoma barua yako sioni mahali ulipokwenda nyumbani kwake tangu kile kikao. Huenda ulikwenda hukuandika. Hapo ndo ile kofia ya pili inasumbua: ukienda kama katibu umekwenda kujadiliana, ukienda kama mtoto wake umekwenda kusalimia, na mama wa rika lile ataijua tofauti ukiwa bado uko uani. Mambo ya sherehe yanaweza kwenda siku nyingine na mwenyekiti wenu akiwa nawe, ili kamati isije kusema mmeelewana jikoni. Safari ya kwanza ni yako peke yako.

Na kuna swali nimekuwa nalo tangu niliposoma habari ya mama mdogo. Mama mkwe wako anaijua hiyo habari? Ile ya debe, na pamba, na siku uliyoanza kuongea tena? Miaka 14 mmeishi pamoja inawezekana ulishamwambia. Kama hukumwambia, basi yeye alisimama kwenye kikao akakataa mti wa duka, ule wa mpambaji, na wewe ukasikia amekataa ule wa Makambako, na hiyo ni miti miwili tofauti kabisa. Nakuuliza na wewe, huu wa 450,000 unafanana kweli na ule? Huenda ndio, mtoto aliyekuwa na debe akikua anatamani kuwapa wenzake kitu kikubwa, naelewa sana. Huenda hapana. Jibu unalo wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba ukimsimulia atalainika. Anaweza kukusikiliza, akakupa pole ya kweli kabisa, na bado akasema mti hapana. Dhamiri ya mtu ni yake, hata Warumi 14 inaacha nafasi ya mmoja kuiona siku hivi na mwingine vile, kila mtu athibitike katika akili yake. Ikifika hapo utakuwa bado hujapata ratiba, ila utakuwa unajua anachokataa ni nini, na yeye atajua alichokigusa.

Yale maneno ya sahani kwenye grupu nayo yana mwenyewe. Wewe hukuyaandika ila uliyasoma ukanyamaza, na yeye alisomewa na mtoto wa jirani, sijui kama kuna njia ya aibu zaidi ya mzee kusikia kitu kama hicho. Kama katibu unaweza kusema neno kwenye grupu, au kumfuata aliyeandika. Vijana wengine watanuna. Pima mwenyewe.

Kuhusu ile 150,000, mpigie mpambaji mapema umuulize kipi kinaweza kupunguzwa bila kupoteza tangulizi. Geti la maputo ningeanza nalo kuuliza, maana mlango una mwenyewe, lakini hata hilo ni la kamati, sio la kwangu mimi niliye mbali.

Kama utakwenda kwa mama, nenda asubuhi kabla mvua haijaanza, usibebe daftari. Na kama atakuwa shambani, mfuate hukohuko kwenye migomba, umuulize mwaka huu anafikiria kukata ipi.